Mpira Mfupi wa Breki kwenye Gari Lililoinuliwa

Saa tatu asubuhi, Nakolong Ekitela yuko chini ya Landkruza ya mteja huko Bulla Pesa, Isiolo, akikaza nati za springi. Bonaya, jirani yake anayeziba pancha, anainama na kumwambia maneno yatakayomkaa masikioni kama mbu.

"Mama Sharon, umesikia? Kuna gari ya kuinuliwa imeanguka kwa laga, barabara ya Garbatulla. Wanasema dereva ni msichana."

"Nani anasema?"

"Watu wa lori. Lakini hawakuona. Waliambiwa na wengine."

Huenda ni uvumi tu. Lakini wasichana wanaoendesha magari ya kuinuliwa upande huo hawafiki watatu, na mmoja wao ni Sharon, bintiye wa miaka ishirini na minne, aliyeondoka alfajiri na chanjo za mbuzi.

Anapiga simu. Simu ya Sharon haipatikani. Anapiga tena, vivyo hivyo.

Nakolong, mwenye miaka 47, aliacha shule darasa la sita. Ufundi aliupata kwa kumshikia marehemu mumewe spana, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa akiinua magari: anaweka springi ndefu ili tumbo la gari lisikwaruze mawe. Wiki nzuri anainua mawili. Wiki mbaya anapaka grisi tu.

"Watu wanafikiri ukishainua umemaliza," anasema. "Gari ya kuinuliwa ni kama mtoto amerefuka ghafla. Nguo zote zinakuwa fupi."

Nguo mojawapo ni mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Gari likiinuliwa, nao lazima urefushwe.

Hapo ndipo anapokumbuka. Jumatatu aliinua gari la Sharon inchi nne, akapima mpira wa mbele kushoto gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote manne. Ulitosha, akauacha. Hakupiga jeki aone gurudumu likining'inia. Na ndani ya laga, ule mto mkavu, gurudumu hushuka shimoni na mpira huvutika mpaka ukatike.

"Sharon alikuwa ananiiga vile natembea," anasema. "Tukacheka mpaka nikasahau kazi."

Anachukua mpira mrefu na chupa ya mafuta ya breki, anapanda pikapu ya Bonaya. Njiani Bonaya anajaribu kumchangamsha: "Huyo msichana wako na mdomo yake, hata shimo itamkimbia." Nakolong hacheki.

Baada ya saa moja na nusu wanamkuta. Gari halijaanguka. Limechomeka pua kwenye ukingo wa mchanga, na Sharon ameketi kivulini mwake, masanduku ya chanjo ameyafunika shuka lililoloweshwa.

"Nilikanyaga breki ikaenda mpaka chini, kama nakanyaga uji," anasimulia. "Nikaingiza gia ya kwanza, nikatafuta mchanga."

Nakolong anamshika uso kwa mikono ya grisi. Anampapasa mabega, mbavu, magoti, kama anayekagua mtoto mchanga.

"Mama, unanichafua!"

"Nyamaza nikuone."

Kisha anaingia chini ya gari. Mpira umekatika pale pale alipohofia. Anakaa huko muda mrefu kuliko kazi inavyotaka, mpaka Sharon analala kifudifudi mchangani kumchungulia.

"Hii ni mkono yangu, mama," Nakolong anamwambia bintiye. "Sikupima vizuri. Ningekuua."

"Na si ni wewe ulinifundisha kutafuta mchanga? Leta spana. Leo nafunga mimi, wewe ukanyage breki tutoe hewa."

Chanjo zilifika Garbatulla kabla jua halijazama.

"Nilitaka kumwambia aache hiyo kazi," Nakolong anakiri. "Lakini anaipenda. Basi acha nipime vizuri."

Kuanzia mwezi ujao anapanga kuwaita madereva wa mjini na wa Ngaremara kila Jumamosi, wainue magari yao kwa jeki na wajionee wenyewe. Sharon ndiye atakayefundisha. Kwa fundi yeyote, na kwa mzazi mwenye mtoto kwenye barabara hizo, anaomba haya yaepukwe:

Usipime mpira wa breki gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote manne. Gurudumu lining'inie kwanza.

Usifunge mpira uliokatika kwa waya au kipande cha tyubu.

Usiweke springi ndefu ukaacha shokamzoba za zamani.

Usipakie mbuzi juu ya keria. Gari limekwisha kuwa refu, litapinduka.

Usipite kilomita hamsini za kwanza bila kukaza nati upya.

Usiseme utaliangalia likirudi.