Kikaratasi cha Chumba cha Kufulia

Sune Hedlund wa ghorofa ya tatu aliendesha gari la kuondoa theluji hapa mjini Härnösand kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mtu wa kelele. Akikukuta unahangaika na kigari cha mtoto kwenye ngazi, alikibeba kwa mkono mmoja huku akikutania kwamba mtoto unamlisha mawe. Kisha akaugua saratani ya damu, akapandikizwa uboho wa dada yake Birgit, akarudi nyumbani mwezi wa pili akiwa kimya, kofia mpaka kwenye nyusi.

Sisi majirani tulijua habari ya uboho. Yanayofuata hatukuyajua: kwamba seli za Birgit zilikuwa zinagombana na mwili wa kaka yake, ngozi inabanduka, mdomo una vidonda, na tumbo linamwendesha bila kumpa hata nafasi ya kufika chooni. Hayo hakumwambia mtu.

Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo ya kufunga kwenye ubao wa zamu, kuonyesha siku na saa iliyochukua. Zamu ya mtu haiguswi. Alhamisi moja, siku ya zamu yangu, nilishuka na kapu la nguo za Tyra, mwanangu wa miezi minane, nikakuta mashine zote mbili zinazungusha mashuka ya mtu. Mara ya tatu mwezi huo. Nikaandika kikaratasi kwa hasira: "Wewe unayeiba zamu za wenye watoto, huna haya? Jifunze kuishi na watu." Jina sikuweka. Nikakibandika mlangoni, nikapanda ngazi najiona shujaa.

Baada ya siku tisa nilikutana na Birgit ngazini, amebeba ndoo ya mashuka yanayochuruzika.

"Kuna mjinga kaandika kikaratasi huko chini," alisema. "Sasa kaka hataki kushuka. Anafua kwenye bafu, kwa mikono ile iliyopasukapasuka! Nesi kasema mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana, na vidonda visiguse uchafu. Akipata homa tu, anarudi hospitali. Haya nimemnyang'anya, kanifokea, kanifungia mlango."

"Kaandika nini huyo mtu?" nikauliza.

Ndiyo, niliuliza hivyo. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

Mchana nilivaa barakoa, nikagonga kwake. Alifungua kidogo tu, mnyororo ukiwa bado mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vinavuja.

"Mzee Sune, kile kikaratasi niliandika mimi."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kukaushia. Nilikuona ukikibandika."

"Mbona hukutoka unitukane?"

"Ningetokaje, binti? Suruali yangu ilikuwa ndani ya mashine."

Sikucheka. Naye hakucheka. Nikamwomba anipe mashuka.

"Hayo hutayaona wewe. Nenda."

"Mzee, kwangu kila siku ni mavi. Leo asubuhi yalikuwa kwenye nywele zangu."

"Ya mtoto si kama ya mtu wa miaka sitini na moja."

"Kweli. Ya wangu yananuka zaidi. Si unasema namlisha mawe?"

Akashika mdomo, maana kucheka kulimuuma. Mlango ukafungwa. Nilidhani yamekwisha. Halafu mnyororo ukalia, akasukuma nje mfuko mweusi kwa mguu, umefungwa mafundo mawili.

"Usifungue mpaka mashineni. Na usiniambie pole."

Nikayafua kwa nyuzi tisini. Tangu hapo Alhamisi yangu ni ya wote wawili, na mikono yake inaanza kufunga. Homa haijaja.

Jumapili iliyopita Birgit aliniita kwa kaka yake, akaniwekea mikate ya mdalasini.

"Heri wewe," alisema, "kuliko yule shetani mwenye kalamu. Nikimjua, atanitambua!"

Sune akageukia dirisha. Mimi nikachukua mkate wa pili.