Sanda Iliyonunuliwa Mapema

Kila nikinusa bafta mpya ya sanda dukani, narudi utotoni Likoni, sebuleni kwa jirani mwenye televisheni.

Jioni moja mchezo wa kuigiza wa mauaji ulikuwa unamalizika. Shule sikwenda, lakini kitabu ulimotolewa mchezo huo dada alinisomea chote tukisuka ukili wa mikeka. Watu wote sebuleni walimshuku mlinzi. Nikasema, "Muuaji ni shemeji wa marehemu."

Jirani akanicheka. "Hujui hata herufi ya alifu, utamjua muuaji? Ukikosea, hukanyagi hapa tena!"

"Sawa, ami."

Lakini televisheni ilikuwa imebadilisha mengi. Mjane wa kitabuni alikuwa kikongwe. Huyu wao kijana, kapaka wanja msibani! Na kitabuni shemeji alinunua sanda marehemu bado anakunywa uji. Hilo wao waliliruka.

Mara wakarudia kuonyesha maiti ilivyogunduliwa, na papo hapo shemeji akaingia na sanda, imeshakatwa.

"Ami, nani hununua sanda kabla hajaambiwa kuna maiti?"

Kwenye televisheni, polisi wakamtia shemeji pingu. Kina mama wakanipigia vigelegele kama bibi harusi, na ami mwenyewe akainuka kunipisha kiti chake. Nilikikalia, wallahi, miguu ikining'inia.