Macho ya Ukoo Wetu

Mhusika wa aibu iliyotokea wiki iliyopita katika kliniki moja ya macho hapa Songea ni mimi, ofisa utumishi mstaafu, mkazi wa Mjimwema. Mkwe wangu Neema, mke wa mwanangu Joseph, hahusiki kwa lolote.

Mjukuu wangu Tumaini alikuwa haoni vizuri ubao darasani. Tabibu alitueleza kwamba uso wa mbele wa jicho lake haukuviringana sawasawa, na kwamba hali hiyo huweza kurithiwa kwa baba au kwa mama. Akauliza kama yupo mwingine mwenye tatizo hilo katika familia.

"Kwetu hakuna," nilijibu kwa sauti ya ofisini. "Aulizwe mama yake."

Neema aliinamisha kichwa, akatoka na mwanawe.

Nilipotoka nilimwona mke wangu, tuliyekuja naye, ameketi kwenye benchi na kitenge cha kijani, sare ya jumuiya ya wanawake wa mtaani kwetu. Nikaketi, nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Mama Joseph, si nilikuambia tangu siku ya posa? Ukoo ule umetuletea macho mabovu."

Mkono ukachomolewa mkononi mwangu.

"Baba," sauti ikasema taratibu, "ni mimi, Neema."

Kwetu baba mkwe hamgusi mkwewe hata kidogo. Korido nzima iligeuka kututazama, na Tumaini akasema:

"Mama, kumbe macho yangu ni ya babu."

Hivyo basi, nadai rasmi kikao cha ukoo kiitishwe Jumapili hii, niitwe kwa jina langu kamili, nimwombe Neema radhi mbele ya wote, na nisipewe kiti kabla sijapimwa macho.