Kurasa Nne Nilizoziruka

Mimi napenda mapenzi yanayochelewa. Ya vitabuni, nasema. Nipe riwaya ndefu ya nchi isiyokuwepo, yenye ramani ukurasa wa kwanza na majina yanayokwama kooni, kisha nipe watu wawili wakaidi wanaomaliza vitabu viwili bila kukubali kwamba wanatazamana, na sitamsumbua mtu siku nzima. Wakipendana ukurasa wa kumi, nakifunga. Waliopendana haraka hivyo wana nini cha kuniambia?

Vitabu ninavyovikumbuka kuliko vyote nilivipata Sirari, kwa mama anayeuza mitumba. Vilikuwa vitano vya mfululizo mmoja, kwa Kiingereza, na cha pili hakina jalada. Katika mfululizo huo kuna jeshi linalopanda ndege wakubwa kuliko fahali. Kuna mwanamke, kapteni wa jeshi hilo anayelinda kivuko cha mtoni, ambaye hajawahi kushindwa vitani, na kuna mchora ramani wa upande wa adui, aliyetekwa na kukabidhiwa kwake amlinde. Kapteni anamchukia kwa sauti kubwa. Kufikia sura ya tatu nilishajua kwamba kapteni wangu amekwisha.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe Ringwani, nikifundisha sekondari. Mume wangu alifanya kazi mgodini, upande wa kwetu Kerende, akirudi mwisho wa wiki. Nyumbani nilibaki na wazazi wake. Mimi na mama mkwe tulikuwa na shikamoo, marahaba, na chumvi iko wapi. Basi. Hakuwa mkali, ila hatukuwa na la kuongea, na nyumba ambayo huna la kuongea ndani yake ni nyumba ya watu.

Alasiri moja tulikuwa jikoni kwake tukichambua maharage, kitabu kikiwa wazi juu ya goti langu. Akaniuliza ninacheka nini. Nikamweleza. Akauliza wale ndege wanakula nini.

"Kitabu hakijasema, mama."

"Na mavi yao anazoa nani?"

"Hilo nalo hakijasema."

"Huyo aliyeandika hajawahi kufuga," akasema. "Haya, endelea."

Nikaendelea. Nikawa kila nikitoka shuleni ninasoma Kiingereza kwa macho na kukitoa mdomoni kwa Kiswahili, naye anachambua na kuuliza. Kapteni ni binti wa nani? Kwa nini hajaolewa, au mahari yake ni ng'ombe wengi mno? Kitabu cha kwanza kikaisha, cha pili kikafika katikati, na wale wawili hawajagusana hata kidole. Nilidhani atachoka. Kumbe alikuwa amekaa vizuri. "Huyo kijana ana adabu," alisema. Nami nilianza kutembea haraka kutoka shuleni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa ajili ya nyumba ile.

Baadaye maswali yakabadilika. Siku moja mama aliniuliza kapteni aliwezaje kuacha watu kumi tu kwenye kivuko wakati adui ameonekana ng'ambo. Nilimtazama. Mama mkwe wangu kila tulipofika kwenye vita alikuwa akienda kuchochea moto. "Kuna mtu anauliza," akasema, macho kwenye ungo.

Nilichungulia dirishani. Nje, mgongoni mwa ukuta wa jiko, baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake akichonga mpini wa jembe. Nikakumbuka kwamba alianza kuuchonga tukiwa kitabu cha kwanza. Sasa ulikuwa umebaki mwembamba kama mwiko.

Lazima nieleze. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hamli pamoja, hamshikani mikono, haingii kwako. Unamwamkia kwa mbali, ukitazama chini. Na maneno ya mapenzi hayatamkwi masikioni mwake, maana hiyo si aibu ndogo ya kucheka na kusahau. Ni jambo linaloweza kuitiwa kikao cha ukoo.

Na kitabu cha tatu kilikuwa mkononi. Mvua ya mawe inawakuta mlimani, wanajificha katika mnara uliobomoka, na kapteni anafungua kitambaa cha jeraha la mchora ramani. Halafu, baada ya vitabu viwili na nusu, kurasa nne. Nilikuwa nimeshazisoma peke yangu, mara tatu. Si kurasa chafu. Ni kurasa nzuri kuliko zote. Lakini upande wa pili wa ukuta nilisikia kisu kimeacha kuchonga.

Nikaziruka. "Wakalala," nikasema. "Kukapambazuka. Kapteni akaenda kumfunga ndege wake hatamu, mikono ikawa inatetemeka, hatamu ikamshinda."

Kesho yake mama hakungoja hata nikae. "Kuna mtu anauliza. Kama walilala tu, mbona asubuhi mikono inamtetemeka?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata siku mbili. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikisoma ukweli, nimemvunjia heshima mzee wa watu. Nikiendelea kudanganya, nimeua hadithi, na pamoja nayo zile alasiri, ambazo ndizo pekee zilizonifanya nijisikie niko kwangu. Nikamnong'oneza mama kwamba kuna kurasa nne nimeziruka, na kwamba siwezi kuzisoma hapa. Alichukua ungo akaupepeta, ingawa haukuwa na makapi.

Siku iliyofuata sikukifungua kitabu. Tulichambua kimya, kama zamani, na kimya kile kiliniuma. Ndipo nje pakasikika kikohozi kikubwa, na sauti ya baba mkwe, akiwaambia kuku au sijui nani:

"Naenda bondeni kuangalia ng'ombe. Nitachelewa."

Ng'ombe walikuwa zizini. Niliwaona kwa dirisha, wote, walizuiliwa tangu asubuhi kumsubiri mtu wa chanjo. Mzee akapita mbele yao bila kuwatazama, akashika njia ya bondeni, na hakugeuka.

Mama akasogeza kigoda chake karibu na changu. "Haya," akasema. "Zile nne."

Nikasoma. Kiswahili changu kilijikwaa, maana hata kwa mama mkwe kuna maneno mazito, nikafika neno busu nikalimeza nusu. Lakini niliyasoma yote: jeraha, mvua, yule mwanamke asiyeshindwa akiomba ruhusa. Nilipomaliza, mama alikuwa ameacha maharage. Nilidhani nimemuudhi.

"Rudia," akasema.

"Yote, mama?"

"Yote, polepole. Na usimeze maneno. Jana umeona mwenyewe, yule ukimsimulia nusunusu anajua."

Nikaanza tena kwenye mvua ya mawe, naye midomo ikawa inacheza, akiyashika maneno moja moja ya kwenda kumwambia mumewe.