Wobbe Avua Meno

Wobbe na shemeji yake walikuwa wameruka mitaro saba kwa kujirusha na upondo, na bado Wobbe hakuwa amepata pa kutegea ndege wavu. Malisho aliyoyazoea miaka thelathini yalikuwa yamelimwa mahindi. Haya ya leo, nyuma ya mji wa Workum, hakuwahi kuyakanyaga. Hata hivyo hakuuliza mtu. Aliwatazama ndege. Bata bukini walijaa kando ya maji, kwezi waliwafuata ng'ombe miguuni, na penye nyasi fupi ndege wenye kishungi walisimama wote wakiukabili upepo.

"Hapa," akasema. "Walipo wenye kishungi, na wetu hushuka."

Maisha yake yote Wobbe aliendesha lori la maziwa, na kila Oktoba aliwaita kitwitwi wa dhahabu washuke kutoka mawinguni kwa filimbi ndogo ya shaba. Baba zake waliwala. Yeye huwavisha pete ya mguu yenye namba na kuwaachia. Kwa kuita, hakuwa na wa kumfikia.

Ila wiki ile alikuwa ametiwa meno ya bandia.

Wavu ulipokwisha kutegwa, alijificha kifudifudi nyuma ya turubai pamoja na Tjitske, mjane wa kaka yake, ambaye ndiye mshika kamba ya wavu. Kundi la kitwitwi likatokea juu, likimeremeta kila lilipogeuka. Wobbe akapuliza. Ikatoka sauti ya birika linalochemka. Kundi likapita.

"Shemeji, hao umewafukuza mpaka Hispania!"

"Nyamaza, wewe."

"Si ulisema mwenyewe? Leo wasiposhuka, unaitundika filimbi."

"Nilisema."

Jinsi alivyolijibu hilo, Tjitske hakucheka tena.

Likaja kundi la pili. Wobbe akageuka pembeni, akatia kidole kinywani, akamwekea Tjitske kitu kiganjani.

"Shika."

"Ala! Yana joto!"

"Shika na kamba!"

Akapuliza. Sauti mbili tu, ya pili ikiteremka polepole kama mtu anayehema. Ndege mmoja akapinda, kisha wote wakapinda, wakaja chini chini wakipambana na upepo. Tjitske akavuta kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umefumbata meno ya shemejiye.

Kumi na tisa. Wobbe alimshika kila mmoja kama anayeshika yai, akamvisha pete, akamweka nyasini.

Wa mwisho alikimbia hatua chache, akaruka, akalia sauti zile mbili. Wobbe akamjibu kwa ufizi mtupu.

"Haya, meno yako."

"Kaa nayo kwanza," alisema, akimfuata ndege kwa macho mpaka alipovuka tuta la bahari.