Mtihani wa Mkubwa, Nyumba ya Mdogo

Nilipokuwa kijana nilibeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kule Port Victoria, na mwenye duka tuliyembebea, Mhindi mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa na redio. Aliiweka juu kabisa ya rafu, mbali na mikono yetu. Taarifa ya habari ikianza, sisi tunasimama na gunia begani kusikiliza. Naye akiona tumesimama, anaizima. "Habari imekwisha! Beba!" Tukianza kutembea, anaiwasha. Kwa hiyo habari za dunia nilizipata vipande vipande: waziri amesema, kisha kimya, kisha mvua zitanyesha. Mpaka leo sijui yule waziri alisema nini. Shule yenyewe niliiacha darasa la tatu, na kusoma kwangu ni kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ndiyo maana mtu akinisomea kwa sauti, mimi huketi. Naweza hata kusahau chakula. Mke wangu hunicheka kwa hilo.

Basi mwanangu mkubwa aliporudi nyumbani hapa Kisian na begi la vitabu, kujitayarisha kwa mtihani wa kuingia kazi za serikali, mimi nilifurahi kuliko wote. Alikuwa ameshaufanya hapo awali akaanguka, akaufanya tena, akaanguka. Sehemu iliyomwangusha ni ile ya masuala ya jamii na maendeleo. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, yeye akinitafsiria. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinikalisha mezani. "Mzee, wewe ndiye mtahini. Usipoelewa, nisimamishe."

Nilimsimamisha sana. Ugatuzi nilielewa. Ukosefu wa kazi kwa vijana nilimwambia aruke, hiyo tunaiona. Magugu maji yanayofunika ziwa, hapo nilimweleza mambo mengi ambayo hakuyaandika. Alipofika kwa ushirikishwaji wa umma nikamuuliza ni mnyama gani huyo, akasema ni serikali kuwauliza watu kabla ya kufanya jambo. Nikauliza, na watu wakikataa? Akakuna kichwa, akasema hilo halijawahi kuulizwa.

Lakini kulikuwa na yale mabati. Mabati ya mdogo wake, yameegemezwa ukutani nyuma ya kiti changu, na upepo wa ziwa ukiingia yanalia. Huyu mdogo ni fundi wa kuchomelea vyuma pale kituo cha magari. Alikuwa amepata mchumba, na mchumba ana mimba, tena kubwa, wakikaa chumba cha kupanga mjini, karibu na Kibuye. Alitaka mtoto wake azaliwe akiwa na kwao. Na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Mkubwa awe na simba yake, ile nyumba ya kijana ndani ya boma la babake, au angalau mkono wake uwe umesimamisha nguzo yake ya kwanza. Akitanguliwa, ni chira, balaa inayofuata watoto. Wengine siku hizi wanacheka. Mimi nimezaliwa ndani ya hayo, siwezi kuyajaribia kwa mjukuu.

Mdogo alishamwambia, "Omera, ndugu yangu, sikuombi kitu. Mabati ni yangu, miti ni yangu, nitakujengea mimi mwenyewe. Wewe njoo ushike nguzo tu."

"Baada ya mtihani."

"Mtoto hajui kuna mtihani."

Mama yao akakohoa huko jikoni. Kile kikohozi nakijua, si cha moshi.

Siku hizo tulikula bila kuongea. Vijiko tu. Wakipishana mlangoni kila mmoja anageuza bega, na mimi katikati nauliza habari za jua na mvua kama mjinga.

Kisha siku moja alikuwa ananisomea jibu refu. Swali liliuliza mila zinawazuiaje vijana kupata makazi, na lifanyike nini. Jibu zuri sana, nisiseme uongo. Alisema mila si adui, familia ikae chini izungumze, kila upande uachilie kidogo. Nilikuwa nimefumba macho kwa utamu. Nilipofumbua, mdogo amesimama mlangoni, miwani ya kazi kwenye paji la uso, masizi mashavuni.

"Endelea," akasema. "Hapo pa kuachilia kidogo. Rudia hapo."

Mkubwa akafunga kitabu.

"Mzee, umesikia? Kumbe mimi ni swali! Niko ndani ya mtihani wa serikali na hata maksi sipewi."

"Wewe hujui chochote," mkubwa akasema.

"Basi nifundishe. Jibu umelisoma sasa hivi, mpaka mzee amelala."

"Sijalala," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mdogo alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa nguvu. Nikaona nisiposema neno, patapigwa mtu. Nikasema Jumamosi tunachimba shimo la nguzo ya mkubwa. Tangu hapo mkubwa hakunisomea tena.

Jumamosi majirani walikuja na majembe, mama yao akateleka chai. Shimo likachimbwa karibu na lango, nguzo ikalazwa kando. Mkubwa yuko mezani, tunamwona kwa dirisha, kichwa chini. Jua likapanda.

"Huyu atasoma mpaka shimo lijifukie," jirani mmoja akasema. Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Simu ya mdogo ikalia. Alisikiliza, uso ukabadilika. "Mzee, uchungu umeanza. Anapelekwa hospitali." Lakini hakuondoka. Alisimama pale akiangalia dirisha.

Nikaingia mimi. "Baba, njoo ushike mti."

"Mzee, watu wakipita barabarani waone simba yangu, watasema yule msomi amerudi kabisa. Hiyo nyumba ikisimama, nimeanguka kabla ya kuufanya mtihani."

"Ni udongo na mabati tu."

"Kwako ni udongo."

Nikamwambia tu kwamba mchumba wa mdogo wake ameshikwa na uchungu. Akanitazama, akatazama shimo kule nje. Akaanza kutia vitabu ndani ya begi, kimoja kimoja. Mimi nikadhani anapanga meza.

Akatoka. Aliweka begi chini, akakunja mikono ya shati, akainua ile nguzo peke yake, maana alikataa kusaidiwa, akaitumbukiza shimoni. Mdogo akajaza udongo kwa jembe, mkubwa akashindilia kwa kisigino cha kiatu cha mjini. Hawakuangaliana. Mkubwa akaitikisa. Ilikuwa imeshika.

"Mzee, inatosha?"

Nikasema inatosha.

"Haya, omera. Nenda hospitali. Ukirudi, jenga yako."

"Na hii yako nani ataimaliza?"

Mama yao akamletea mkubwa maji ya kunawa na kikombe cha chai. Akanawa. Chai hakuigusa. Akachukua begi lake, akapita langoni, akashika njia inayokwenda barabara ya Busia, na mpaka leo hajarudi.