Neno Lililomtoka Mama Mapazia

Mama Mapazia alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa kuwa nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivaa kazi ya mikono yake. Mumewe alipougua, maradhi yalimlaza kitandani lakini ulimi ukabaki mzima. Akawa anasimulia maisha yake tangu utotoni, naye mkewe anaandika kwenye kompyuta kuukuu ya binti yao, kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Walipomaliza, binti akamwonyesha namna ya kufunga faili kwa neno la siri.

Mume akafariki. Msiba ulimvuruga mama wa watu, na alipotaka kuyasoma tena yale maneno, neno la siri lilikuwa limemtoka kabisa. Alijaribu majina ya watoto, ya wakwe, hata ya paka. Wapi! Wifi yake, dada wa marehemu aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyemburuta pamoja na ile kompyuta mpaka kwa fundi wa mashine hizo.

"Twende tukaulize kuifungua hiyo faili kutachukua muda gani," alisema. "Kuuliza si ujinga."

Fundi, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, aliwaketisha kati ya televisheni zilizopasuliwa matumbo.

"Mashine itabahatisha neno moja baada ya jingine," alieleza. "Muda unategemea neno lenyewe. Lina herufi ngapi?"

"Sikumbuki, baba. Si fupi sana."

"Lina tarakimu? Alama? Herufi kubwa?"

"Sikumbuki."

Fundi akavua miwani. "Basi mama, nisikudanganye. Kama vyote hivyo vimo, mimi na wewe na mashine hii tutakuwa tumeshazikwa."

Mama Mapazia akainama, akawa anakunja ncha ya mtandio wake kama anayepima pindo. Wifi akamshika goti. Fundi alirudi kutazama skrini, kisha akauliza taratibu, "Mbona hata jina la faili lote ni herufi ndogo?"

"Herufi kubwa nilikuwa sijui zinapatikanaje. Nimeandika yote yale bila hata moja. Marehemu alinicheka mpaka akapaliwa."

"Na tarakimu?"

"Za nini? Mimi ningeweka neno la kawaida, la kutamkika."

"Ah! Hapo umetufukua makaburini," fundi alisema. "Maneno ya kawaida, moja au mawili yaliyounganishwa, herufi ndogo tupu... keshokutwa. Ikizidi sana, wiki. Wiki ikipita, tujue tumekisia vibaya."

Kusubiri kulimtesa. Alishona pazia zima ndani nje, akalifumua, akakosea tena. Simu ilipoita, wifi alishavaa viatu.

Dukani, fundi alikohoa. "Limepatikana, mama. Ila... nikuandikie pembeni?"

"Lisome tu," wifi akadakia. "Hapa mgeni nani?"

"Wifimdaku."

Mama Mapazia akatamani ardhi ipasuke. Alikumbuka sasa: faili aliifunga kwa sababu ya huyu huyu, aliyefunua kila kilichofunikwa mle nyumbani, sufuria hata barua.

Wifi alibana midomo. "Yaani kufuli lenyewe ni mimi."

"Wifi yangu, niwie radhi."

"Ningeisoma kweli. Siku ile ile." Kicheko kikamponyoka, na machozi yakafuata. Akavuta kiti. "Haya, soma. Nataka kumsikia kaka yangu."

Mama Mapazia akasoma kwa sauti, na fundi akajitia kutafuta bisibisi chini ya meza. Walipofika pale marehemu anaposimulia alivyovuka mto peke yake akiwa mtoto, bila woga, wifi akapiga paja.

"Uongo! Nilimbeba mgongoni, analia njia nzima!"

"Kumbe!" Mama Mapazia akasogea pembeni kumpisha mbele ya kibodi. "Hebu liandike na hilo, wifi."